Kiwiko Kilichonikosesha Mke wa Chukwani

Nina umri wa miaka arobaini na minne. Nimesoma mpaka chuo kikuu, naishi Jang'ombe katika nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu, na kazi yangu ni ya mezani huko Kizimbani, kwenye shamba la serikali la karafuu. Mke sina. Niliyekuwa naye tuliachana zamani, na lawama tuligawana sawasawa, basi hilo tuliache. Ninayetaka kukuhadithieni habari zake ni yule ambaye sikumpata...

Mkasa wangu, wasomaji wenzangu, ulianza kwa sahani ya bati. Chekeni mkitaka. Mwanzoni hata mie nilicheka.

Pale shambani palikuwa na sahani kuukuu za wafanyakazi, zimetoboka, hazifai tena kwa wali wala mchuzi. Jioni moja baada ya kazi kijana mmoja wa ofisini akairusha moja kwa mchezo. Ikapaa, ikaelea kama mwewe, ikatua mbali. Kila mmoja wetu akataka yake! Tukatundika mapakacha kwenye mikarafuu, moja hapa, jingine kule mbali, tukawa tunarusha sahani kutoka pakacha hadi pakacha. Anayezitia kwa mitupo michache kuliko wenzake ndiye bingwa wa siku ile. Zawadi hakuna. Sifa tu!

Na sifa ni sumu, jamani.

Wenzangu walikuwa vijana wembamba kama fimbo. Mie nilikuwa na kitambi cha ofisini na nywele zinazoniaga. Lakini nilikuwa na elimu! Nikaleta hesabu zangu zote za chuo kikuu: pembe, upepo, mzunguko wa sahani. Naukunja mkono kifuani, kisha naukunjua kwa nguvu zote kama mtu anayefukuza nzi wa dunia nzima. Nikawashinda. Wakaniita Bwana Sahani, na naapa, jina lile lilinifurahisha kuliko siku niliyopokea shahada.

Maumivu yalikuja taratibu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Upande wa nje wa kiwiko, pahala padogo pa kuweka kidole gumba. Nikikamua taulo, panachoma. Nikiinua birika, panachoma. Nikipeana mkono na mtu msikitini machozi yananilenga, na watu wakadhani ni uchamungu.

Daktari alinambia nipumzike miezi, nisirushe kitu, hata jiwe. Nikapumzika mpaka palipopoa kidogo... nikarudi mapakachani. Jirani akanikanda kwa chumvi ya moto na mafuta ya karafuu. Ngozi ikababuka, maumivu yakabaki. Nikarudi tena mapakachani! Mwenzenu niliyesoma mpaka nikavaa joho, nilikuwa sielewi neno "basi".

Hata jioni moja nikataka kulifikia pakacha la mbali kabisa kwa mtupo mmoja. Nikasikia kitu kinalia ndani ya kiwiko: kak! Sahani ikaingia. Vijana wakashangilia. Mie nimekaa chini, mkono nimeupakata kama mtoto mchanga. Kesho yake mkandaji akauvuta kwa nguvu, ati urudi mahali pake.

Haukurudi. Tangu siku ile mkono wangu wa kulia haukunjuki sawasawa, na kukunjika ndiyo haufiki mwisho. Kuandika naandika. Kuupeleka mdomoni... hauendi! Unafika nusu ya njia, unagoma.

Na wakati huohuo, kwa bahati yangu nyeusi, nilikuwa naposa.

Alikuwa Bi Salma wa Chukwani, mjane, mshoni wa nguo. Nilimwona kwa shangazi yangu alipomletea nguo zake. Aliniuliza kama ni kweli nimesoma chuo kikuu. Nikajibu naam, kifua mbele. Akanitazama shati, akasema, "Na kifungo hicho ulichokitia tundu si lake, hilo hawakukufundisha?" Nikampenda palepale. Katika umri wangu, mtu wa kukucheka kwa wema namna ile humpati mara mbili.

Nikamtuma Makame, rafiki yangu na mwenzangu wa kazi, awe mshenga. Akarudi na habari njema. Kaka wa Bi Salma, Bwana Haji, hakuwa na masharti makubwa. Aliuliza moja tu: bwana mwenyewe mzima? Kwa sababu mume wa kwanza wa dada yake aliugua miaka kabla ya kufariki. Na Makame alimjibu, "Mzima kama chuma!"

Nikamuuliza, Makame, na mkono huu je?

"Yakhe," akasema, "wewe unakwenda kuoa, hwendi kubeba magunia bandarini. Mkono utapoa."

Tukaalikwa chakula cha mchana Chukwani. Ilikuwa miaka ile mchele ukipatikana kwa foleni na kwa dua. Watu wale walikuwa wamekusanya mchele wao, wa jirani na wa jamaa, wakanipikia pilau! Tukakaa mkekani kuzunguka sinia moja: Bwana Haji, mjomba wao Mzee Ame, Makame na mie. Tukanawa. Bismillahi, mikono ikaingia.

Wangu uko juu ya goti. Nifanye nini? Nile kwa mkono wa kushoto, mbele ya wakwe, katika sinia wanalolila wao? Heri ardhi inimeze!

"Mbona hwanzi, bwana?" akauliza Bwana Haji.

Sijafumbua mdomo, Makame kadakia: "Kafunga huyu! Leo si Alkhamisi? Saumu ya sunna haimpiti."

Mzee Ame akaliacha tonge lake. "Mashaallah! Na usomi wote ule!"

Nyuma ya pazia nikamsikia Bi Salma akinong'ona, "Na mchele wote ule!"

Nikakaa naitazama pilau inavyokwisha, chembe kwa chembe, tumbo linaniguruma. Tulipoagana, Mzee Ame akanibariki kwa dua ndefu, akasema Jumatatu lazima nije nifuturu kwao.

Njiani nilitaka kurudi niseme ukweli. Makame akanishika kanzu. Akaapa kwamba nikisema sasa, nimemuumbua yeye na mimi na wazee wetu makaburini. Tukaendelea na safari...

Jumatatu nilifunga kweli, ili angalau tumbo lisiwe na uongo. Adhana ya magharibi ikaita. Mzee Ame akanipa tende kwa mkono wake mwenyewe. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Nikaupandisha mkono. Ukagoma. Basi nikakiteremsha kichwa kuifuata tende... na kofia yangu ikaanguka ndani ya bakuli la uji.

Bwana Haji akauliza, "Bwana, mkono wako una nini?"

"Hana kitu!" akadakia Makame. "Mzima huyu!"

"Basi apokee uji huu." Bwana Haji akaninyooshea bakuli jingine. Nikalishika. Kiwiko kikachoma kama kimetiwa msumari, bakuli likaniponyoka, uji wa moto ukamwagikia kanzu ya Mzee Ame.

Nikasema yote. Sahani, mapakacha, kak, yote. Bwana Haji akanisikiliza, kisha akauliza polepole, "Na Alkhamisi ile?"

"Sikufunga."

Mzee Ame alikuwa akijipangusa. "Mwanangu," akasema, "mwenye udhuru hana lawama. Ungekula kwa mguu, tungekwambia bismillahi." Makame alikuwa anahesabu boriti za dari.

Ndipo Bi Salma akatoka nyuma ya pazia. Alimwambia kaka yake asimgombeze mgeni. Akanigeukia mie. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Marehemu mume wangu alinificha maradhi yake mpaka siku aliyoanguka," akasema. "Kumuuguza hakukunichosha. Kilichonichosha ni kulala kila siku najiuliza, kama hili alinificha, lipi jingine? Tulikuulizia afya yako si ili tukukatae. Tulikuulizia ili utwambie."

Nikasema si mimi, ni Makame aliyesema.

"Naam," akajibu. "Na wewe ulikuwapo."

Posa ikavunjika. Nilituma watu, nilituma shangazi, nilikwenda mwenyewe nikasimama uani kwao kama mpagazi. Hapana. Baadaye aliolewa na bwana mmoja mwenye pumu, ambaye kikohozi chake hufika mlangoni kabla yake. Nimesikia kwamba siku ya kuposa aliitaja pumu yake kabla ya kulitaja jina la baba yake! Wakampa mke.

Na mkono? Daktari wa pili alinambia kuna vipande vya mfupa vinaelea ndani, na wa kuvitoa yuko ng'ambo. Nani atanipeleka mie ng'ambo kwa ajili ya kiwiko? Hauponi. Nimeshaacha kungoja.

Wasomaji wenzangu, nakusihini! Mwili ukikwambia basi, uitike mara ya kwanza, maana mara ya tatu haukwambii, unakukomoa. Na ukiulizwa una nini, jibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla rafiki anayekupenda hajakujibia. Msinifuate mie nilikopita.

Siku hizi sikubali mwaliko wa mtu. Nakula nyumbani, kwa upawa niliouunga mpini mrefu ili ufike mdomoni, mkono wa kulia, mlango nimeufunga. Nikijimwagia mchuzi, hakuna wa kunicheka.