Lenzi Mbili za Djamali

Siku Mwavita alipoingia dukani kwa Djamali, soko la Kasuku lilikuwa limefurika. Pikipiki zilipiga honi, jenereta la jirani liliunguruma, na duka lenyewe lilikuwa jembamba hivi kwamba mnunuzi akitaka kugeuka, muuzaji ilimbidi avute tumbo ndani. Msichana alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, kilemba cha kitambaa hichohicho, na kamera ilimning'inia kifuani. Djamali alikuwa ameinamia simu mbovu. Aliinua macho, na kuanzia hapo hakujua tena bisibisi ameiweka wapi.

"Natafuta obyektifu ya hamsini," Mwavita alisema, akigusa lenzi ya kamera yake. "Ile yenye haivute vitu karibu. Napiga picha za harusi, na manyumba za watu iko na taa mbaya."

"Niko nazo mbili."

Aliziweka juu ya meza ya kioo. Zilikuwa kama mapacha: nyeusi zote, fupi zote, milimita hamsini zote. Moja ilikuwa mpya ndani ya boksi lake. Nyingine ilitoka katika vitu vya studio iliyofungwa wakati wa vita, na hiyo ilipitisha mwanga zaidi kidogo.

"Ipi njo muzuri?"

"Mimi fundi wa masimu, mama. Beba zote mbili, ujaribu nazo kazi. Kisha unirudishie moja."

"Hunijue, na unaniachia vitu hivihivi?"

"Ukikimbia nitakutafuta. Sasa niko na sababu."

Mwavita alicheka, na ili kuficha jinsi alivyofurahi akaifunga ile lenzi ya zamani kwenye kamera na kumwelekezea. Lenzi ilisaga mbele na nyuma, ikitafuta, kisha ikatulia. Kwenye kioo cha kamera uso wa Djamali ulikuwa ukungu mtupu, lakini nyuma ya bega lake hata vumbi juu ya rafu lilihesabika.

"Hii inakosa," alisema, akashusha kamera bila kubonyeza. "Inashika nyuma ya muntu."

Kasoro hiyo wapiga picha wanaijua, kwa hiyo hakuitilia maanani. Akaenda zake na lenzi mbili mkobani, na namba ya Djamali simuni.

Simu zikaanza. Asubuhi Djamali alimpigia kuuliza habari za lenzi, mchana habari za lenzi, jioni akaishiwa na visingizio akauliza kama amekula. "Sheri wangu, hata kibanzi cha muhogo?" Mwavita alimwambia yeye ni mfanyabiashara wa ajabu, anayeogopa kulipwa. Mwavita mwenyewe alikuwa akijibu kabla simu haijalia mara ya pili, jambo ambalo mamake aliliona na kulinyamazia.

Lenzi mpya ilifanya kazi yake kwa utiifu. Ile ya zamani ilimsumbua. Kwenye harusi moja mtaa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ilimwacha bwana harusi gizani ikamshika mzee wa kanzu nyuma yake, hadi unywele mmojammoja wa ndevu. Mwavita hakukumbuka kumwona mzee huyo, ila harusi ina wageni wengi.

Kisha ikaja Ijumaa ya ukingoni mwa Lualaba. Djamali alitoka msikitini na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, Mwavita akampiga picha kwa ile lenzi ya zamani, akiwa peke yake, mgongo kwa mto. Walikula ndizi za kuchoma, wakachekana, wakarudi. Nyumbani alipoifungua picha kwenye kompyuta, alisogeza uso karibu na kioo. Djamali alikuwa ukungu. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana, mzuri, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi, na mkono wake umeshika bega la Djamali kama mtu anayeshika cha kwake. Akili ilimwambia kwamba pale walikuwa wawili tu. Wivu ukamwambia hakutazama vizuri.

Simu ilipolia aliipokea kwa ubaridi.

"Roho yangu, umekula?"

"Kamuulize bibi yako kama amekula."

"Bibi gani? Mwavita, mimi niko na bibi wapi?"

"Huyu mwenye kukushika bega. Iko kwa picha. Usinipigie tena."

Akakata. Djamali alipiga tena na tena, na simu ikalia tu juu ya kitanda. Mwavita naye alilia kidogo, halafu hasira ikamshinda, akapanda pikipiki na kompyuta mapajani mpaka dukani. Alimfungulia picha bila salamu.

Djamali alitazama. Akakaa chini polepole, kwenye maboksi ya redio.

"Huyu njo Yaya Latifa," alisema. "Dada yangu mukubwa. Wakati wa vita tulikuwa tunakimbia, watu mingi, risasi. Alinishika bega hivi, juu nisipotee. Nilikuwa mutoto mudogo. Risasi ilimupiga, mukono yake ikaniachia. Tulimuzika kando ya njia."

Jenereta la jirani lilikuwa limezimwa, na kwa mara ya kwanza duka lilikuwa kimya. Mwavita aliutazama tena ule mkono. Akamkumbuka mzee wa Alunguli, ambaye lenzi ilimwona na yeye hakumwona.

"Hatukuwahi kuwa na picha yake," Djamali alisema. Alikuwa analia, na hakujificha.

Mwavita alipiga magoti mbele yake, kitenge kikafagia vumbi lote la dukani, akamwomba msamaha. Siku hiyohiyo, macho yakiwa bado mekundu, Djamali alimwambia anataka kumuoa. Mwavita alikubali kabla hajamaliza.

Wazee wa Djamali walipofika kwa kina Mwavita kuposa, ndipo mlango ulipofungwa. Baba wa Mwavita, jina lake Waziri, alikwenda Kampene wakati wa vita akitafuta riziki machimboni, hakurudi, na hakuna aliyeona maiti yake. Mke wake hakuwa amekaa eda hadi siku hiyo, kwa sababu mwanamke hakai eda ya mume ambaye huenda yu hai. Sasa mdogo wa Waziri, Baba mudogo Soudi, ndiye aliyepaswa kusimama kumwoza binti. Alikataa.

"Nikisimama fasi ya kaka yangu, nitakuwa nimemuzika na kinywa yangu," alisema. "Muniletee habari yake. Hai ao maiti. Kisha nitamuoza."

Djamali alisubiri wazee watoke, akamvuta Mwavita pembeni.

"Obyektifu inajua," alinong'ona. "Usimame, nikupige picha moja. Akiwa amekufa, atakuja nyuma yako."

"Na mimi nisimame pale nikiomba nini?" Mwavita alimuuliza. "Nikiomba aonekane, namuombea baba yangu kifo juu niolewe. Siwezi, Djamali. Nakupenda, na siwezi."

"Basi tutangoja."

"Tutangoja nini?"

Mwavita alimwambia kwamba amechagua: atabaki na ile mpya, inayopiga picha za walio hai, na kesho atamrudishia ya zamani. Djamali aliitikia kwa kichwa na kuondoka, kanzu yake ikionekana kubwa kuliko alipokuja.

Mamake Mwavita, Mama Salama, alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Alitoka akaenda uani, akaweka kiti kwenye mwanga wa alasiri. Huyu ni mama ambaye miaka yote alikataa kupigwa picha, hata na binti yake mwenyewe.

"Leta ile ya zamani," alisema.

"Mama, hapana."

"Wewe ni mutoto wake. Mimi njo bibi yake. Hii ni ya kwangu kuuliza." Akaketi, akanyoosha kilemba. "Piga."

Mwavita aliinua kamera. Lenzi ilisaga, ikaugusa uso wa mamake, ikauacha, ikaenda nyuma. Ikatulia. Alibonyeza, akashusha kamera, akatazama kioo.

Alikuwa kijana sana. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba baba yake alikuwa rika lake. Alikuwa na udongo wa machimbo kwenye nywele na mabegani, na viganja vyote viwili aliviweka juu ya kichwa cha mkewe, taratibu, kama mtu aliyesimama hapo muda mrefu akingoja kuitwa.

Mama Salama hakuomba kuonyeshwa. Alikuwa akimtazama binti yake usoni. Kisha akaanza kuvua bangili, moja baada ya nyingine, akiziweka mapajani.

"Inna lillahi," alisema. "Mwite Soudi. Na umwambie Djamali asiende mbali. Angoje eda yangu iishe."