Tatu Fupi, Moja Ndefu

Foleni ya sabuni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikapinda kona, ikakaribia soko la Bukoba. Huo ulikuwa mwaka 1976, sabuni imeadimika, na watu walikuja kuifuata na vigoda vyao vya kukalia. Joviana alikuwa ametoka kazini posta, amevaa gauni la kijani na viatu vya kisigino, na alikuwa ameshakaribia mlango pale filimbi ilipolia nyuma ya sikio lake.

"Wee! Unataka kuniua sikio?"

Aliyeipiga alikuwa konstebo mrefu mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa na soksi zilizovutwa mpaka magotini.

"Nyooka kwenye foleni, dada."

"Mimi nimenyooka tangu nizaliwe. Kanyooshe wale wanaosukuma."

Watu wakacheka. Konstebo akakaza uso, lakini mdomo ukamsaliti, akacheka naye.

"Unaitwa nani, nijue nani kaitukana serikali?"

"Joviana wa posta. Ukipiga simu yoyote mjini hapa, mimi ndiye ninayeunganisha."

Mwanamume akishaambiwa hivyo asipige simu, basi huyo ni gogo. Konstebo Anatory hakuwa gogo. Kesho yake alingoja sajini atoke kwenda chai, akanyanyua simu ya kituo.

"Posta Bukoba. Namba tafadhali?"

"Niunganishe na Joviana."

"Hiyo si namba, afande."

"Basi niunganishe na moyo wake."

"Laini hiyo ina watu wengi. Subiri."

"Nitasubiri mpaka nistaafu."

Joviana akakata simu, kisha akacheka peke yake mbele ya ubao wa simu mpaka mwenzake akamuuliza kama ana homa.

Anatory alikuwa mtoto wa Kagoma kule Muleba, amelelewa kwenye migomba na kahawa ya baba yake, na alikuwa ametoka chuo cha polisi Moshi hata mwaka haujaisha. Kila jioni alipita doria Kashai, alikopanga Joviana, dirisha lake likiitazama barabara. Hapo dirishani ndipo mapenzi yao yalipokolea, na hapo hapo ndipo hofu ya Joviana ilipoanza.

"Hebu nionyeshe ulichonacho," alimwambia jioni moja.

Anatory akaonyesha: rungu, tochi isiyo na betri, na filimbi yenye mnyororo. Bunduki za kituo zilikuwa chache, zikalala ghalani.

"Na ukikutana na watu wa magendo? Wale wanaovusha kahawa kwenda Uganda wana mapanga, Anatory."

"Nina mwenzangu, Koplo Kagaruki. Na filimbi ninayo. Chuoni tumefundishwa: ukizidiwa, piga moja ndefu, wenzako waje."

"Na sisi tusio askari tutajuaje?"

"Mtajua tu, mpenzi."

"Nani katufundisha?"

Mwanamume asiye na jibu hutafuta mzaha, na Anatory akaupata. Akaweka filimbi mdomoni akapuliza tatu fupi, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Hiyo ni yako peke yako. Ukiisikia, ujue napita salama na ninakuwaza."

Ikawa desturi. Filimbi ikilia tatu, Joviana huchungulia dirishani, na balozi wa nyumba kumi, seremala Mustapha, hupaza sauti kutoka uani kwake: "Mama Konstebo, unaitwa!" Mtaa mzima ukaizoea salamu ile. Mimi ningekuwepo ningewakanya, lakini nani huwakanya wapendanao wakasikia?

Ukafika Novemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Jioni hiyo Koplo Kagaruki alikuwa kitandani na malaria, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuziba pengo, Anatory alitoka doria peke yake. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Joviana alikuwa anakaanga senene, harufu imejaa ua mzima, aliposikia filimbi kwa mbali. Fupi. Fupi. Fupi.

Mustapha alitoka na nyundo mkononi, majirani wengine nyuma yake.

"Hiyo haitoki barabarani. Inatoka kule bondeni, upande wa Nshambya. Twendeni tukaone."

Joviana alijibu huku akicheka, akigeuza senene kwenye sufuria. "Rudini ndani, Balozi! Hiyo salamu yangu. Leo kaamua kunisalimia toka mbali."

Wakacheka, wakarudi ndani.

Asubuhi taa iliwaka kwenye ubao wa simu. Hospitali ilitaka kituo cha polisi. Joviana akachomeka waya, na kabla hajaondoa sikio akasikia: "Konstebo wenu Anatory ameokotwa bondeni alfajiri na mwanamke aliyekwenda kuteka maji. Mbavu zimevunjika. Anapumua kwa shida."

Joviana alielewa mara moja kwamba filimbi ile ya bondeni haikuwa salamu, na aibu ikamwingia. Siku hiyo hakwenda hospitali, wala iliyofuata. Atamtazama vipi?

Huko wodini Kagaruki alikuja kumjulia hali mwenzake, bado macho mekundu kwa homa.

"Watu wa Kashai walitoka kuja kukusaidia. Joviana ndiye aliyewarudisha. Usinichukie, ndugu yangu, lakini huenda hao wa magendo waliokupiga wanampa kitu."

"Kagaruki, usirudie hilo neno."

Lakini neno lilikwishaingia. Anatory akamsihi muuguzi, akaongozwa akijikongoja mpaka kwenye simu ya ofisi.

"Posta Bukoba. Namba tafadhali?"

"Jovi. Ni kweli uliwarudisha watu?"

Laini ikakatika. Posta, msichana alikuwa amelalia ubao wa simu akilia. Hospitalini, mwanamume aliweka simu chini akiamini kwamba amejibiwa.

Jumapili Joviana alimaliza ibada kwenye kanisa lao la Kilutheri, akafunga senene kwenye jani la mgomba, akaenda. Anatory alipomwona aligeukia ukutani.

"Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja unitukane, halafu nitaondoka. Ni kweli niliwarudisha. Nilisikia tatu fupi."

"Uongo! Mimi nilipiga moja ndefu. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, kama nilivyofundishwa!"

Sauti ilipopanda, mbavu zikamchoma, maneno yakamtoka vipande vipande. Akajaribu kuvuta pumzi, ikakatika. Akavuta tena, ikakatika. Akaweka mkono kifuani, akaelewa. Wale wa magendo walikuwa wamekwishamvunja mbavu alipoishika filimbi ile. Ndefu yake ilitoka fupi.

"Tatu," alisema polepole.

"Tatu, mpenzi wangu. Nikacheka. Nilicheka, Anatory!"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kucheka."

Wakalia wote wawili, na senene wakapoa.

Alipopona, Anatory alikwenda kwa inspekta akaeleza mambo yote, ili mtu asimtie Joviana kwenye magendo. Ukweli huo ulimpotezea cheo cha koplo alichokuwa akikitarajia.

"Filimbi hii ni roho yako, kijana, wewe ukaifanya barua ya mapenzi," inspekta alisema. "Sasa utakwenda kuwafundisha watu wa Kashai wote milio yake. Na kuanzia leo doria ni wawili wawili."

Alifundisha. Mustapha alipuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Baada ya hapo filimbi haikulia tena Kashai kwa mchezo, na Joviana akawa anakaa dirishani kila jioni akisikiliza kimya, roho juu.

Jioni moja mlango ukabishwa.

"Leo umekuja na hodi?"

"Filimbi ni ya serikali, hodi ni yangu." Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. "Kagaruki ametangulia, namfuata sasa hivi. Jovi, baba yangu kule Kagoma yuko tayari kutuma mshenga."

"Ninyi Wakatoliki, mtume kwa wazazi wangu Walutheri wa Nshambya?"

"Kasema hata Walutheri wanakula ndizi. Tumtume, tusimtume?"

Joviana alifungua mdomo. Ndipo ikalia kutoka njia ya chini, moja, ndefu, isiyokatika.

Anatory akavaa kofia. "Kagaruki! Nimemwacha peke yake!"

Joviana alikuwa amekwishampita mlangoni, mchi wa kinu mkononi, akipiga yowe lililoamsha mtaa. "Balozi! Ndefu! Tokeni, ni ndefu!" Milango ikafunguka huku na huku, Mustapha na nyundo yake, wanawake na miti ya kuni.

"Joviana! Hujanijibu!"

"Mtume!" alipiga kelele bila kugeuka. "Nimesema mtume! Kimbia!"

Wakakimbia na mtaa mzima kuelekea ilikolia filimbi.