Kabla Pasi Haijapata Moto

Dobi alipiga pasi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Chumba kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba ya kutundikia nguo, na dirisha lililoangalia barabara. Wapita njia walimsalimia dirishani kutwa nzima. Naye aliwajibu wote, maana mdomo wake haukujua likizo.

Mtu akisema mtoto wake anaumwa, dobi alisema, "Pole sana. Nitakuombea." Mtu akisema anatafuta kazi, jibu lilikuwa, "Nitakuombea." Hata jirani aliyelalamika kwamba kuku wake hatagi aliambiwa hivyohivyo. Dobi hakuwa mnafiki. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha aligeuza shati, akanyunyiza maji, na jambo lile likapotea pamoja na mvuke.

Kanisani alisifika kwa sala ndefu. Akipewa sala ya kufunga ibada, watoto walisinzia na wazee walibadilisha mguu wa kusimamia. Lakini nyumbani, akiwa peke yake, dobi hakuwa akiomba. Si kwamba alikataa. Asubuhi kazi ilimdaka, jioni uchovu ulimchukua, na siku ikawa imekwisha.

Siku moja mdogo wake wa kike alikuja dirishani. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mcheshi mwenye kicheko kikubwa. Siku hiyo hakucheka.

"Kaka, daktari amesema uvimbe wa tumboni lazima utolewe. Kesho nalazwa."

"Pole, mdogo wangu. Mungu yupo."

"Naogopa, kaka. Naogopa kulala nisiamke." Alishusha sauti. "Wodini wanapima presha kila siku saa moja asubuhi. Najua hapo ndipo woga utanishika. Niombee saa hiyo."

"Saa moja kamili, kila siku," dobi alisema. "Ondoa shaka. Nitakuombea."

Dada yake alimwachia kitambaa chake cha kichwa cha zambarau akifue, akaenda zake akiwa na nafuu kidogo usoni.

Wiki moja ikapita, na siku mbili juu yake. Nguo za shule zilikuwa nyingi, kisha zikaja za harusi. Asubuhi ya siku ya kumi, mlango ulifunguliwa na dada yake akaingia. Alikuwa amekonda.

"Umesharudi! Wamekupasua?" dobi aliuliza.

"Hapana. Presha ilikuwa juu. Wamenipa dawa, wameniambia nirudi baada ya wiki tatu." Alikaa kwenye kigoda, akamshika mkono kaka yake. "Lakini nimekuja kukushukuru. Kila siku saa moja, nesi wa wodi akinifunga ile mashine mkononi, nilijiambia: kaka yangu ananiombea sasa hivi. Hilo ndilo lililonishikilia."

Kwa siku zote zile hakuwa amemwombea hata mara moja. Hakukumbuka. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna neno lililotoka. Dada yake alidhani ni uchungu wa kaka, akambembeleza. Aliyepaswa kubembelezwa ndiye aliyekuwa akibembeleza.

Aibu ile ilimkaa dobi kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kujirekebisha. Kesho yake aliamka saa kumi alfajiri ili aombe saa nzima. Alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba kwa sauti ya kanisani, maneno yakamwishia mapema, akasinzia kichwa kikiwa godoroni. Siku ya pili aliomba nusu saa. Siku ya tatu mkewe alimkuta amelala palepale, magoti chini, akikoroma.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mbio za sakafuni huishia ukingoni. Inuka ulale vizuri."

Siku ya nne hakuamka kabisa. Ilikuwa nguvu ya soda.

Siku hiyohiyo, nesi wa zahanati alileta magauni yake meupe ya kazini. Alikuwa mteja wa miaka mingi, na walisali kanisa moja. Alikuwa mwanamke wa utani mwingi, lakini jicho lake lilikuwa kali.

"Fundi, leo umenyamaza. Unaumwa au umeoa mke wa pili?"

Dobi alijaribu kucheka, akashindwa. Akamweleza yote. Mwisho akasema, "Sista, ni mimi niliyempandishia dada yangu presha. Ningeomba, wangempasua."

Nesi aliweka magauni mezani. "Hapo ngoja. Presha imepandishwa na woga, na pengine na chumvi. Unafikiri Mungu alikuwa hamjui dada yako mpaka wewe ukumbuke? Sala si swichi ya taa, ukibonyeza inawaka. Ni kukaa na Baba yako na kumwambia yaliyo moyoni. Kosa lako ni jingine. Ulimwahidi mtu, na hukutimiza."

"Ndiyo. Na nimejaribu kujirekebisha nimeshindwa. Nadhani mimi si mtu wa sala."

"Umejaribu vipi?"

"Saa nzima, alfajiri."

Nesi alicheka mpaka akashika meza. "Mtu ambaye hajatembea mwaka mzima, unampandisha mlima! Sikiliza. Zahanati nina wagonjwa wa presha. Wanatakiwa kumeza kidonge kila siku, maisha yote. Nikimwuliza mtu, 'Utameza saa ngapi?' anasema, 'Asubuhi.' Huyo najua atasahau. Asubuhi ni pana mno. Basi namwuliza, 'Utameza ukishafanya nini?' Akiniambia, 'Nikishapiga mswaki,' au, 'Nikishamimina chai,' huyo hasahau. Mswaki unamkumbusha."

Dobi alijikuna kichwa. "Sasa mimi nina mswaki gani?"

Nesi alitazama chumbani. Pasi ya mkaa ilikuwa juu ya kipande cha bati, kifuniko chake kikiwa wazi. "Hii inachukua muda gani kupata moto?"

"Kama dakika kumi. Nawasha mkaa saa moja kasoro kidogo, halafu nasubiri."

"Ukisubiri unafanya nini?"

"Nachungulia dirishani. Nabishana mpira na watu."

"Basi Mungu amekutengea dakika kumi kila siku, nawe unazigawa kwa timu isiyoshinda," nesi alisema. "Washa mkaa, funga dirisha, keti. Dakika tano zinatosha kuanzia. Moto wenyewe utakukumbusha."

"Na niseme nini? Nikiwa peke yangu maneno yanakwisha."

"Kwa sababu unamhutubia. Ukitaka chai kwa mkeo, unamhutubia? Mwambie Mungu asante kwa jambo moja la jana. Mwambie ulipokosea. Mtaje dada yako kwa jina, mwambie anaogopa nini. Halafu nyamaza kidogo. Ukiwa na Biblia karibu, soma mistari michache, upate la kuzungumza naye. Na kama unaogopa mkaa, usifumbe macho. Hakuna aliyesema lazima uunguze nguo za watu."

Dobi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akauliza, "Na nikikosa siku?"

"Utakosa. Mgonjwa wangu akisahau kidonge cha leo, simwambii atupe chupa. Wala hamezi viwili kesho. Anameza kimoja, anaendelea." Nesi alichukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini kabla ya yote hayo, fundi, kamwambie dada yako ukweli."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kuamka saa kumi.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alimkuta uani akichambua maharage. Dobi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, haraka, kabla moyo haujamgeuka.

"Mdogo wangu, sikukuombea. Zile siku zote. Nilisahau. Nisamehe."

Dada yake hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutenga mabovu na mazima. Dobi aliyasikia maharage yakianguka sufuriani, moja moja.

"Nilikuwa nakuona, kaka," alisema hatimaye, na machozi yalikuwa katika sauti yake. "Nilikuwa nafumba macho nakuona umepiga magoti."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Wewe ni kaka yangu, nitakupeleka wapi?" Alijifuta uso kwa mkono. "Ila safari hii usiniambie utaniombea. Niombee tu."

Kesho yake dobi alitundika kile kitambaa cha zambarau kwenye msumari juu ya pasi. Alikuwa amekwisha kukifua, bado hakuwa amekirudisha. Aliweka Biblia yake ndogo kwenye rafu, kando ya kopo la wanga. Alipanga mkaa, akauwasha, akaupepea mpaka ukashika. Kisha akafunga dirisha.

Kimya kilikuwa kigeni. Nje mtu alipaza sauti, "Fundi! Jana mlifungwa tena!" Dobi aliuma ulimi.

"Baba," alianza, kwa sauti ndogo ambayo kanisani hawaijui. "Asante kwa kuwa dada yangu amenisamehe. Anaogopa kulala asiamke. Umjalie amani. Umsaidie daktari. Na mimi unisaidie nisisahau." Akatafuta maneno mengine, akakosa. Akakaa tu, akitazama mkaa ukibadilika kuwa mwekundu. Alishangaa kuona hakuna aliyemfukuza.

Siku za kwanza aliitazama saa. Baada ya wiki moja aliacha kuitazama. Mkewe aliona dirisha limefungwa, hakuuliza. Siku moja alileta kigoda chake, akaketi upande wa pili wa meza. Dobi alimaliza, mkewe akasema, "Na mimi nina ya kwangu." Akayasema. Miaka kumi na sita ya ndoa, na dobi hakuwa amewahi kusikia kwamba mkewe hulala na wasiwasi juu ya macho yake mwenyewe yanayofifia. Siku hiyo walipanga kwenda kuyapima.

Jumanne ya wiki ya pili mvua ilinyesha na mkaa ukalowa. Dobi alipigana nao mpaka saa mbili, akikohoa na kugombana na kila kitu. Alipiga pasi kwa hasira hadi jioni. Alipozima pasi ndipo alipokiona kitambaa.

"Nimeharibu," alimwambia mkewe. "Niliahidi kila siku."

"Nesi alikwambiaje kuhusu kidonge?"

Dobi aliinuka, akauingiza mkaa ndani ukauke. Jumatano aliwasha mkaa mkavu, akafunga dirisha, akaketi. Hakuomba mara mbili. Aliomba mara moja.

Dada yake alilazwa, na safari hii presha ilikubali. Asubuhi ya upasuaji dobi na mkewe waliketi kando ya pasi. Pasi ilipata moto, nao hawakuinuka. Shati la kwanza lilisubiri. Saa sita mchana simu ililia. Uvimbe umetoka, mgonjwa ameamka, anauliza kuna nini cha kula. Dobi aliketi chini akalia, mkewe akamwacha alie.

Mwezi ulipoisha dada yake alikuja kwa miguu yake, akitembea polepole. Aliketi kwenye kigoda kilekile. Alitazama dirisha, Biblia kando ya wanga, na kitambaa chake msumarini. Alikuwa anaogopa kuuliza.

Dobi aliweka pasi chini.

"Mdogo wangu, safari hii nilikuombea. Kila siku saa moja." Kisha akainamisha kichwa. "Isipokuwa Jumanne ya wiki ya pili. Mkaa ulilowa, nikakasirika, nikasahau."

Dada yake alimtazama. Kisha kile kicheko chake kikubwa, kilichopotea miezi miwili, kikatoka. Alicheka huku ameshika tumbo, maana kidonda kilimuuma.

"Ungeniambia hukukosa hata siku moja," alisema, "nisingekuamini."

Dobi alinyoosha mkono kukishusha kitambaa msumarini, amrudishie.

"Kiache," dada yake alisema. "Nina vingine. Kesho saa moja si utawasha mkaa?"

"Nitawasha."

"Basi kiache hapo."