Kumnyolea Aliye Hai

Nilikuwa hoi. Matanga ya mama yangu, Immakulata, yalianuliwa asubuhi, lakini wageni bado walijaa uani kwetu Muyama, wanakula tu kana kwamba wako hotelini. Unga ukaisha. Nani aende mashineni? Mimi Elieth, mfiwa. Haya.

Kichwa kiliniwasha. Huku kwetu matanga yakianuliwa, watoto wa marehemu hunyolewa nywele zote. Shangazi Veronica alininyoa harakaharaka, akanikata nyuma ya sikio.

Nilirudi na unga kichwani, jua limeshazama. Kwenye mikaratusi upepo ukatulia. Nikasikia harufu ya udongo uliofukuliwa...

Mwanamke alisimama njiani. Peku, matope hadi magotini. Kichwa kimenyolewa, na damu ikimchuruzika nyuma ya sikio.

Pale pale nilipokatwa mimi.

"Mwiriwe," alinisalimu kwa Kirundi.

Nilinyamaza. Tangu utotoni mama alinikataza kuitikia salamu za Warundi wa kambi ya wakimbizi. Sisi Waha, alisema, tusijichanganye. Nami nikazoea kuwaita "wale".

"Mwanangu," akanong'ona. "Mbona umeninyolea... nami ni hai?"

Nikatupa unga, nikatimua mbio. Uchovu wote niliusahau, jamani.

Shangazi alikuwa peke yake jikoni. Nilipomweleza, mwiko ukamponyoka.

"Huyo ni Ininahazwe," alisema taratibu. "Aliyekuzaa."

"Shangazi, unasema nini?"

"Immakulata hakujaliwa mtoto. Wewe tulikutoa kambini Mtabila, ungali mchanga. Mama yako alikuwa mgonjwa, akaomba tukulee hadi apone. Alipopona akaja kukuchukua mrudi Burundi. Immakulata akamwambia umekufa. Tukamwonyesha kaburi la mtoto wa jirani." Alijifuta uso kwa khanga. "Akanyolewa hapo uani kama mfiwa. Mimi ndiye niliyemnyoa."

"Mlimnyoa mtu na mwanawe yupo?"

"Na leo nimekunyoa wewe, mama yako wa kweli hajafa. Kumnyolea aliye hai ni kumzika, mwanangu. Sasa mmezikana." Akanishika mkono, akashusha sauti. "Akikusalimu tena, usiitike. Ukiitika, umekubali kwamba wewe ndiye yule aliyekufa."

Mlango wa jikoni ukakwaruzwa.

"Mwiriwe..."

Sauti ile ilikuwa imechoka. Imechoka kuliko mimi. Nikamfikiria akililia kaburi la mtoto wa watu, na mimi nimefichwa chumbani. Roho iliniuma, nikashindwa.

"Mwiriwe, mama."

Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Ile harufu ya udongo tu.

Nyuma yangu Shangazi akaangua kilio, mikono kichwani, akiliita jina langu.

"Shangazi, nipo," nikasema. Nikamgusa bega. Hakugeuka.

Wageni wakaingia mbio, wakanipita pale mlangoni, wakamwuliza ni nani tena amefariki.