Kompyuta Iliyovaa Sweta

Kila asubuhi watoto wakishaenda shule, Munyiva huketi mezani sebuleni kuchapa kazi za watu. Nyumba yao iko nyuma ya soko la Machakos. Kwa miaka mingi alitumia taipureta, na hakuna aliyemsikia akigombana nayo. Kisha mwaka wa 2002 ndugu yake Jeff akamletea kompyuta kuukuu kutoka Nairobi. Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani.

"Inaniuliza kama niko na hakika," alimwambia mumewe, Titus, wakinywa chai. "Kama sina hakika, si ningeacha kubonyeza?"

"Ijibu tu, Mama Mwelu."

"Nikiandika namba moja, inaandika mbili yenyewe. Nani ameituma? Halafu kuna kapicha kanaruka pale chini, eti kananiuliza kama nataka msaada. Nikikafukuza, kanarudi."

Titus alimeza chai iliyobaki akaenda kazini. Maneno hayo aliyajua kama anavyojua njia ya kwenda kanisani.

Lakini kulikuwa na jambo lililomchosha Munyiva kuliko yote. Kompyuta ilikuwa ikizima ghafla, hasa mchana jua likiwaka. Stima ipo, redio inaimba, lakini kompyuta kimya. Jeff aliiondoa programu ya kuandikia akaweka nyingine mpya. Hata na hiyo mpya kompyuta ikazima. Munyiva akaamua kwamba watu wanaotengeneza programu hawajawahi kuwa na kazi ya haraka maishani mwao.

Labda ni vumbi, aliwaza. Vumbi la Machakos halina adabu. Basi akafuma kitambaa cha uzi mzito, kama vile vya viti na vya redio, akalifunika sanduku la kompyuta mbele na nyuma. Lilipozidi kuzima, akaongeza kitambaa cha pili.

Alhamisi moja, bibi mmoja aitwaye Ndila alifika kutoka Kivaa. Wakamba humwita bibi susu, na ndivyo Munyiva alivyomkaribisha. Susu Ndila alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Ndeti. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

"Watoto wameandika yao kwa Kiingereza," alisema. "Shule aliyosoma, kazi aliyofanya. Mimi nataka maneno yangu, padri ayasome. Lakini sijui kuandika."

"Wewe sema, susu. Mimi nitaandika."

Susu Ndila akasema. Alisema jinsi Ndeti alivyochimba matuta ya shamba kwa mikono yake, mvua isibebe udongo. Alisema jinsi alivyombeba mgongoni hadi zahanati alipokuwa na mimba ya kwanza. Alilia, akanyamaza, akaendelea. Munyiva aliandika bila kusimama. Kuhifadhi angehifadhi mwishoni, ukurasa ukijaa. Hata kwenye taipureta, karatasi haitolewi kabla haijajaa.

Walipobakiza kidogo, kompyuta ikazima.

Munyiva aliiwasha tena. Ikakawia, ikanguruma, ikafunguka. Ukurasa ulikuwa mweupe. Hakukuwa na matuta wala zahanati.

"Imepotea, susu," alisema.

Susu Ndila alikitazama kioo kile cheupe. "Hayo maneno nimeyatoa na machozi, mwiitu wakwa, binti yangu. Sasa nianze tena?"

Aibu ilimshika Munyiva, kisha hasira. Akaisema kompyuta yote aliyokuwa ameiwekea moyoni, programu ya zamani na mpya, na hao walioitengeneza. Mutindi, jirani aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua ungo wake.

"Mama Mwelu, unagombana na nani?"

"Na hii programu. Imekula maneno ya susu."

Mutindi aliingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka. "Hii imekuwa jiko. Nani ameivalisha sweta kwa hili jua?"

"Ni ya vumbi."

"Ngoja." Mutindi alivua kitambaa cha kwanza, kisha cha pili. Alichomoa waya wa stima, akageuza sanduku. Nyuma kulikuwa na matundu, na ndani yake feni ndogo. Nyuzi za kitambaa zilikuwa zimeizingira feni hiyo. "Kompyuta ikifanya kazi inatoa joto. Inapumua hapa nyuma. Ukiiziba, joto linabaki ndani. Likizidi, inazima yenyewe isiungue."

"Kwa hivyo si programu?"

"Programu iko na makosa yake mengi, hata mimi hako kapicha kananiudhi. Lakini hii ya kuzima si yake. Ukimaliza kazi, zima, iache ipoe, ndiyo uifunike."

"Na maneno ya susu?"

"Uliyaseve?"

"Nilikuwa nangoja ukurasa ujae."

"Hii si taipureta," Mutindi alisema kwa upole. "Yale unaona kwa kioo, kompyuta imeyashika kichwani tu. Ikizima, yanapotea. Ukiseve, inayaandika ndani, na hata stima ikienda utayakuta. Usingoje ukurasa ujae. Kila ukimaliza sentensi, bonyeza Ctrl na S pamoja."

Walitoa zile nyuzi, wakasubiri sanduku lipoe. Munyiva alimpa Susu Ndila chai, kisha akamwomba msamaha. Bibi akakubali kuanza upya.

Safari hii, kila alipomaliza sentensi, alisimama akamkazia Munyiva macho.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka, susu."

Alirudia matuta, akarudia zahanati. Kompyuta ilinguruma taratibu bila kuzima. Kisha bibi akakumbuka jambo ambalo mwanzoni hakulisema.

"Kila siku nikipika isyo, alisema mahindi na maharagwe yangu hayana chumvi. Kila siku. Na kila siku alimaliza sahani." Akacheka hadi akajifuta macho na leso. Kisha akauliza kwa wasiwasi, "Hiyo ya chumvi umeiweka?"

"Hiyo nimeiweka mara mbili."

Munyiva alimchapia karatasi kwa printa, na Susu Ndila akawahi gari la Kivaa. Tangu siku ile kompyuta haijazima ghafla tena. Kitambaa kimoja kimewekwa kwenye kiti, na kingine huifunika kompyuta jioni ikishapoa. Kapicha bado kanaruka, na Munyiva bado anakasema vibaya mbele ya Titus.

Lakini Alhamisi ile, alipofunga kazi baada ya kuongeza tarehe chini ya ukurasa, programu iliuliza kama ilivyozoea: je, iyahifadhi maneno haya? Munyiva alikuwa ameshaulizwa swali hilo mchana kutwa na mjane. Kwa mara ya kwanza hakukasirika. Alisoma tena pale pa chumvi, kisha akajibu ndiyo.