Dirisha Wazi Januari

Mchungaji Tveit alifungua jumba la picha la kanisa la Hellevik Jumamosi, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Dirisha lilikuwa wazi na theluji imeingia hadi sakafuni. Chini yake alilala Eilert Skare, mchoraji, fuvu limepasuka, damu imegandia kwenye mbao. Kando yake ilikuwapo nyundo ya kuchongea mawe. Ukutani, msumari wa tisa haukuwa na picha, kibandiko tu: "Mgonjwa".

Nyundo ilikuwa ya Asgaut, mchonga mawe. Ijumaa mchana alimkaba Eilert koo mbele za watu kwa sababu aliiweka sanamu yake karibu na choo katika maonyesho ya Jumapili. Basi saa nne alikuwa ameketi jikoni na pingu, akingoja gari la kumpeleka gerezani saa sita.

"Nilimkaba, ndiyo," alimwambia Mkaguzi Haukås, mwanamke wa polisi. "Ningemuua ningesema, mama. Nusu ya mji wangenishukuru."

"Nyundo uliiacha wapi?"

"Hapa hapa, tangu Alhamisi. Kila mtu aliiona."

"Na dirisha?"

"Nifungue dirisha Januari? Picha hizi ni za karatasi! Zikipata unyevu zinajikunja zote. Msanii gani atafanya wazimu huo?"

Bi Gudny Valle, mjane aliyepika kahawa ya kanisa, alimsogezea kikombe. "Kunywa, mwanangu. Umepauka kama maiti."

"Asante, mama. Wewe tu ndiye unayenihurumia."

Haukås alirudi kwa marehemu. Macho yamefumbwa. Mikono imepangwa vizuri kifuani.

"Mchungaji, nikutegee kitendawili," alisema. "Nani anampasua mtu kichwa, kisha anamfumba macho, anampanga mikono, na kumfungulia dirisha kwenye baridi hii?"

Tveit aliwaza. "Muuaji simjui. Ila mama yangu alipokata roho hospitali, nesi alifanya hayo hayo. Dirisha alifungua ili roho ipate njia."

"Nesi gani?"

Mchungaji aligeuka, akatazama mlango wa jikoni. Jikoni vikombe viligongana.

Saa tano na nusu Haukås aliketi mbele ya Bi Gudny.

"Ulikuwa nesi wodini miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Waliokufia mikononi mwako, uliwafungulia dirisha?"

"Wote. Manesi wa rika langu hatukuacha hata mmoja."

"Na Eilert?"

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe.

"Mama Gudny?" Asgaut aliita.

"Nilimpiga mara tatu, bado akawa anakoroma," alisema mjane. "Nikakaa chini, nikamshika mkono mpaka akanyamaza. Baada ya hapo mikono yangu ilifanya kazi iliyozoea. Dirisha nililikumbuka nimeshafika nyumbani."

"Kwa nini, bibi?"

"Alikuja kumwona mume wangu Torleif wiki yake ya mwisho, akamchora kwa siri. Mdomo wazi, mate yanachuruzika, nepi inaonekana. Mwalimu aliyewafundisha ninyi nyote! Jana jioni akamtundika ukutani, kesho watu wamtazame wakila keki. Nilimsihi. Akacheka, akasema hajapata kuchora uso mzuri kama ule."

"Na Asgaut ungemwacha afungwe?"

"Asgaut ana mdomo wa kujitetea. Torleif hana."

"Picha iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Nifunge, mwanangu, sina neno. Ile ichome."

Haukås alimfungua Asgaut pingu. "Siwezi, Bi Gudny. Ndiyo sababu ya mauaji. Itaonyeshwa mahakamani, mbele ya majaji na watu wa magazeti."

Hapo ndipo bibi yule alipopiga yowe. Alimmwagia mkaguzi birika la kahawa ya moto usoni, akakimbilia mlangoni bila koti. Asgaut alimkamata kwenye theluji. Gudny alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, akimsihi amwachie, nyumba haiko mbali, dakika tano tu zinamtosha kuwasha jiko.

Asgaut alilia, lakini hakumwachia.