Sketi Isiyokaa Dawatini

"Usitikisike, pini zitakuchoma."

Mwalimu alisimama wima katikati ya kibanda cha cherehani, koti lake la harusi limebanwa pini mgongo mzima. Ilikuwa Ijumaa, zimebaki siku tisa. Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amepiga magoti akipima pindo la suruali. Mwanaume akipendwa hujisahau. Huyu alikuwa anajitazama kwenye kioo.

"Nitapendeza?"

"Utapendeza. Hebu nishikie hii."

Akampa sketi ya shule ya binti yake.

"Ya nini tena?"

"Nimeishona mwenyewe mwanzo wa muhula. Kitambaa hiki kikikaa dawatini wiki mbili tu, nyuma kinaanza kung'aa. Nimeshona sare za mtaa mzima, nakijua. Hii ina wiki sita, iko kama imetoka mashineni leo. Mwanangu anakaa wapi, Mwalimu?"

"Si darasani! Mimi si ndiye mwalimu wake?"

Fundi akachukua simu, akasoma kwa sauti.

"'Mpenzi, binti yetu leo kapata kumi na nane kwa ishirini.' Ulinitumia Jumanne. Jumanne alikuwa wapi?"

Mwalimu akaigeuzageuza ile sketi mikononi.

"Basi nikusaidie. Leo asubuhi nilimfuata. Nimemkuta nyuma ya mgahawa, pale jengo jipya linapojengwa, anaosha sahani. Vidole vimekunjamana kwa maji. Sare anaikunja kwenye mfuko, jioni anaivaa anarudi nyumbani. Kaniambia yote. Sasa nataka kusikia kwako."

"Fundi, mpenzi wangu..."

"Sema."

"Ilikuwa wiki ya kwanza. Nilimwita ubaoni, akakataa kusimama. Nikadhani kiburi, nikamlazimisha. Kumbe alikuwa ameingia mwezini, sketi imechafuka. Darasa zima likacheka."

"Na wewe?"

Mwalimu akaiweka sketi juu ya cherehani.

"Nilicheka kabla sijaelewa."

Fundi alihisi moyo unamkatika. Huyu ndiye mwanaume ambaye alikuwa akimsifia kwa mashoga zake kwamba mwanawe amepata baba.

"Kesho yake hakuja. Mtoto akikosa siku kumi, mwalimu mkuu lazima amwite mzazi. Nikaona ukiitwa utajua, na ukijua utaniacha. Nikawa namwekea alama kwamba yupo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mtoto akikosekana anatafutwa. Wewe umemwandika yupo, ndiyo maana hakutafutwa na mtu!"

Akafuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Na mimi nina langu. Mficha uchi hazai. Niliona haya kumweleza mambo ya mwili, nikasema ataambiwa shuleni. Vitambaa vimejaa humu ndani, sikumkatia hata kimoja akakiweka kwenye mkoba."

Akaanza kuchomoa pini, moja baada ya nyingine.

"Na harusi?"

"Mtoto kwanza. Amesema atarudi ukimwomba radhi."

Jumapili ukaingia ujumbe wa Mwalimu: "Naomba niongee naye peke yake, nakuja hapo nyumbani."

Fundi akajibu: "Ulimcheka mbele ya watu arobaini."

Jumatatu asubuhi Fundi alisimama mlangoni mwa darasa na mfuko wa pedi za vitambaa alizoshona, juu yake sketi mbili za akiba, vyote vya kuwekwa kabatini shuleni. Pembeni yake alikuwa mwalimu mkuu, mama wa makamo asiye na mzaha, ambaye Mwalimu alikwisha kumweleza yote kwa mdomo wake. Barua ya kumwita Mwalimu mbele ya kamati ya shule ilikuwa imeshaandikwa.

"Mwanzo wa muhula nilimcheka mwenzenu," Mwalimu alisema. "Lililompata huwapata wasichana wote, si aibu. Aibu ni yangu. Binti, nisamehe."

Mwanafunzi mmoja akaguna. Mwalimu mkuu akamtazama mara moja, akakoma.

Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akazikata alama za uongo kwa wino mwekundu. Kisha akaita majina. Alipofika kwenye la binti, kalamu ikasimama.

"Nipo," binti akasema, chini chini.

Getini, Mwalimu alimkimbilia Fundi.

"Nimefanya ulivyotaka. Tuendelee basi, mpenzi."

Fundi akatoa koti kwenye mfuko, limepigwa pasi, halina pini hata moja.

"Nimelimaliza. Kazi ya mtu siiachi njiani."

"Kwa hiyo..."

"Bado nakupenda, sitakudanganya. Lakini nitalalaje na mtu aliyeweza kunitumia maksi za mtoto ambaye hayupo?"

Akaondoka bila kugeuka, maana angegeuka angerudi.

Jioni binti aliingia kibandani, akatua mkoba. Fundi akamzungusha, akaitazama sketi nyuma. Ilikuwa na vumbi la dawati. Akalikung'uta taratibu kwa kiganja, machozi yakimdondoka, na binti akadhani mama yake analia kwa furaha tu.